Wiki ya Taji

Saa moja na dakika kumi asubuhi ya Jumatatu, mkono wa kulia wa Gilberto Arruda ulikuwa umelala juu ya kitambaa cha meza, umetulia. Mkewe Leonor aliuona akiwa amesimama na birika la kahawa, akasita kumimina. Dawa za asubuhi zilikuwa bado kwenye kisahani, hazijaguswa. Kwa miaka sita, saa kama hiyo, kabla Gil hajameza chochote, mkono ule ulikuwa ukitetemeka mpaka kijiko kinagonga kikombe.

"Mbona umesimama kama nguzo ya umeme?" Gil aliuliza. "Mimina, mwanamke, kahawa inapoa."

"Mkono wako."

"Umefanya nini?"

"Haujafanya kitu."

Gil aliutazama. Akaugeuza, kiganja juu, kiganja chini, kama mtu anayekagua samaki wa kununua. Kisha akacheka. "Roho Mtakatifu kaingia nyumbani jana jioni, leo kaanza kazi. Ulitaka asubiri mpaka apate kifungua kinywa?"

Leonor hakucheka. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha mapazia, kwenye meza yenye taa chini yake, akikagua kitambaa kinachopita. Kazi hiyo ilimfundisha kwamba kasoro haijitokezei tu. Ina pale ilipoanzia, nyuma kidogo, kwenye kitambaa ambacho tayari kimeshapita. Alimimina kahawa.

Taji la Roho Mtakatifu lilikuwa sebuleni. Lilikuwa la fedha, lina njiwa wa fedha juu, nalo lilikaa kwenye madhabahu ya ngazi tatu ambayo Urbano, kaka yake Leonor, aliijenga kwa masanduku ya mbao na mashuka meupe. Lilikuwa limeletwa kutoka nyumba iliyolikaribisha wiki iliyopita, na lingekaa kwa Arruda mpaka Jumapili ya Pentekoste. Siku hiyo mwenye nyumba hulichukua juu ya sinia lake na kulipeleka kanisani kwa miguu, bendi ikipiga nyuma yake. Wenye nyumba hupatikana kwa kura ya bahati mwaka mmoja kabla. Gil alikuwa ameangukiwa na wiki ya mwisho, ile kubwa, ambayo nusu ya watu wa visiwa vya Azores walioko Fall River, Marekani, huitamani maisha yao yote na hawaipati.

Yeye hakuitamani kwa heshima. Alikuwa na nadhiri. Mjukuu wao Madalena alizaliwa kabla ya wakati, mdogo kuliko mkate, na Gil, akiwa amesimama kwenye korido ya hospitali, aliahidi kwamba mtoto akiishi atalibeba taji kwa mikono yake mwenyewe kutoka mlangoni kwake hadi altareni. Mtoto aliishi. Sasa alikuwa na miaka mitatu na anauma watu. Kilichobaki ni mikono.

Na mikono ndiyo iliyokuwa na ugonjwa wa kutetemeka. Majira ya majani kupukutika yaliyopita, Gil alikuwa hawezi kutoa bakuli la supu jikoni na kulifikisha mezani. Ndipo daktari wake alipomwingiza kwenye utafiti. Dawa yake ya zamani, levodopa, angeendelea nayo kama kawaida, ila kila asubuhi angeongeza kidonge kipya. Hélia Botelho, muuguzi wa utafiti huo, aliyekulia mtaa wa pili kutoka kwao, aliwaeleza kwamba lengo halikuwa kuponya. Lengo lilikuwa kuona kama mwili unazivumilia dawa hizo mbili zikiwa pamoja.

"Dawa ya zamani inaleta maji kwenye tangi," Hélia alisema siku ile. "Kidonge kipya kinaziba tundu, maji yasitoke upesi. Sisi tunataka kujua kama tangi halitapasuka."

Gil aliyapenda maelezo hayo, akawa anayarudia kwa majirani. Leonor alikumbuka zaidi neno la mwisho.

Hélia aliwaachia pia karatasi ya vyakula vya kuepuka: jibini la kukaa muda mrefu, nyama za kukausha na za kuvuta kwa moshi, mvinyo wa kutengeneza nyumbani, na dawa zote za kikohozi. Leonor alitii kwa ukamilifu. Jibini la São Jorge lilitoka kwenye friji siku hiyo hiyo. Soseji zilizokuwa zikining'inia kwenye ngazi za chini alimpa Urbano. Na mahali palipobaki wazi katika chakula cha mumewe alipajaza kwa kitu alichokiamini kuliko vyote, kwa sababu kilitoka kwenye udongo wa nyuma ya nyumba ya kaka yake na hakikupitia kiwanda chochote. Msimu wake ulipofika aliweka fava, yale maharage makubwa ya kijani yenye maganda manene kama vidole. Karatasi haikuyataja. Aliyeiandika pengine alikuwa hajayaona isipokuwa kwenye picha.

Mwaka huo fava ziliwahi. Adhuhuri ya Jumatatu Urbano alipanda ngazi za nyuma akiwa na ndoo nyingine iliyofurika.

"Hodi! Kuna watu hai humu?"

"Tuko hai," Leonor alijibu, "ila wewe unanuka udongo."

"Hiyo ndiyo harufu ya mwanamume anayefanya kazi. Mumeo ameisahau tangu astaafu."

Gil alitoka sebuleni, akaichukua ndoo kwa mkono mmoja, akaiweka juu ya meza bila kumwaga hata ganda moja. Urbano aliutazama mkono, akamtazama dada yake, akautazama mkono tena.

"Shemeji, huu umeuazima wapi?"

"Kwa Roho Mtakatifu."

"Basi niombee na magoti, haya yangu yamekwisha." Alivuta kiti akakaa. "Sasa umeniharibia. Mimi nilishanunua viatu vya kulibebea taji siku utakaposhindwa. Nitavivaa wapi?"

"Utavivaa kwenye mazishi yako."

"Nitavivaa kwenye yako kwanza, mzee, mimi ni mdogo kwako."

Walicheka wote wawili. Leonor alikuwa amegeukia sinki, anaosha fava. Zile changa alizikata pamoja na maganda yake, akazipika na vitunguu, kitunguu saumu na pilipili nyekundu ya kusaga, kama mama yake alivyopika kisiwani. Maji yaliyochemshiwa maganda hayakumwagwa. Gil aliyanywa kwa kikombe, kama alivyofanya tangu utotoni, na akaomba kikombe cha pili.

Jumanne Leonor alipika kuku, kwa kuwa jioni watu wangekuja kusali rozari mbele ya taji na sufuria kubwa ilihitajika. Fava zilikaa kwenye ndoo. Kufika alasiri mkono wa Gil ulikuwa unatetemeka tena, na wakati wa rozari shanga zake zilikuwa zikigonga mguu wa kiti mpaka watu wakashindwa kutomtazama. Alifunga macho na kusali kwa sauti kubwa kuliko wengine.

Jumatano mchana alikula fava sahani mbili na kunywa maji yake. Haikupita saa moja mkono ukalala.

Leonor alikaa jikoni akaufikiria mpangilio huo kwa utulivu. Ijumaa iliyopita walikula fava. Jumamosi vilevile, na Jumapili, taji lilipofika, ndizo walizowaandalia wageni. Jumatatu mkono ulitulia hata kabla ya dawa. Jumanne hakuna fava, mkono ukarudi. Leo zimeliwa, umetulia. Hapakuwa na tofauti nyingine aliyoweza kuiona.

"Si Roho Mtakatifu," alimwambia Gil. "Ni fava."

Gil alikuwa anang'arisha sinia la taji kwa kitambaa. Hakuonyesha mshangao. "Kwani nani aliyeziumba?"

"Gil, sikiliza. Kama fava zinafanya kazi ya dawa, basi ndani yake mna dawa. Unakunywa dawa tatu, na wao wanahesabu mbili."

"Wao wanahesabu. Mimi natembea." Alisimama, akatembea toka dirishani hadi mlangoni na kurudi. Miguu yake, ambayo mwezi uliopita ilikuwa ikiganda kwenye kizingiti kana kwamba imegundishwa sakafuni, ilipita bila kusita. "Umeona? Niambie kasoro iko wapi."

Kasoro ilionekana jioni ile. Rozari ilikwisha, watu walikunywa kahawa, wakala mkate mtamu, wakaaga mmoja mmoja. Leonor alifunga mlango na kuanza kukusanya vikombe. Gil alikuwa kwenye kiti chake akiiangalia madhabahu, anatabasamu.

"Na hawa hawajafuatwa na wazazi wao?" aliuliza.

"Akina nani?"

"Hawa watoto. Wamekaa kwa adabu leo, sikuwahi kuona watoto watulivu hivi."

Leonor alitazama. Kwenye ngazi za madhabahu palikuwa na maua meupe, mishumaa ya umeme na taji. Alihesabu vitu hivyo kimoja kimoja, kwa sababu alitaka kuwa na hakika ya alichokiona.

"Wameshaondoka," alisema.

"Eh, basi sawa," Gil alisema, akaendelea kutabasamu kuelekea pale pale.

Alhamisi, walipokuwa wakimenya fava kwa ajili ya mchana, Leonor alimwambia mumewe kwamba atampigia simu Hélia.

Gil aliweka kisu chini. "Unakumbuka Zeferino wa mtaa wa juu?"

"Namkumbuka."

"Walimtoa kwenye utafiti kwa ajili ya chai. Chai, Leonor! Majani ya kuchemsha ya dada yake. Wakamsimamishia kidonge, na leo hii mkewe ndiye anayemfunga vifungo vya shati. Unataka Jumapili Urbano atembee na taji langu amevaa vile viatu vyake vya kijinga?"

"Unaona watoto wasiokuwepo."

"Wananisumbua? Wananipigia kelele?" Alisema kwa upole, kama anayemwelewesha mtu mzito wa kuelewa. "Wamekaa tu."

"Na kichwa?"

"Kichwa kiko mahali pake."

"Gil."

"Siku tatu, Leonor. Nimekuomba nini tangu tuoane? Nilikuomba gari? Nilikuomba turudi kisiwani? Siku tatu."

Alikuwa hajamwomba mengi, hilo lilikuwa kweli. Leonor alimaliza kumenya ganda lililokuwa mkononi.

"Jumatatu asubuhi namwambia," alisema.

"Jumatatu mwambie hata Baba Mtakatifu."

Alijaribu njia ya katikati. Mchana ule alimpakulia nusu ya kawaida na kumwambia zilizobaki ni za Urbano. Gil alikula, akashukuru. Baadaye, alipotoka kuanika vitambaa, Leonor alimwona kupitia dirisha la jikoni: amesimama mbele ya jiko, ameinua sufuria kwa mikono yote miwili, anakunywa maji ya maganda moja kwa moja kutoka ukingoni. Mikono haikutetemeka hata kidogo. Alipomaliza alifuta kidevu na kuifunika sufuria vizuri.

Ijumaa mabega yake yalianza kucheza. Hayakuwa matetemeko ya ugonjwa. Leonor aliyajua yale. Haya yalikuwa mawimbi, bega likipanda na kuzunguka, shingo ikilifuata, mguu ukiteleza pembeni, kana kwamba mtu mwingine alikuwa ndani ya nguo zake akitafuta pa kutokea. Urbano alimkuta hivyo sebuleni, bado anang'arisha sinia ambalo lilishang'aa tangu Jumatano.

"Angalia huyu! Anacheza na muziki haujafika. Bendi inakuja Jumapili, shemeji, hifadhi nguvu."

"Kaa kimya, mla soseji zangu."

"Nzuri kweli, nakushukuru kila usiku."

Lakini Urbano alipokuwa akiondoka alimvuta dada yake kwenye ngazi. "Anatoka jasho hivi kwa nini? Nje ni baridi."

"Ana wasiwasi wa Jumapili."

"Na mbona anashika kisogo?"

"Sijaona," Leonor alisema. Alikuwa ameona tangu asubuhi.

"Nilete fava nyingine kesho, au zinatosha?"

Leonor aligeukia mlango. "Zinatosha," alisema.

Urbano alileta hata hivyo. Gil alikuwa amempigia simu.

Hélia alikuja Jumamosi saa nne asubuhi, kama ilivyopangwa, na begi lake la vifaa. Alimbusu Leonor mashavu yote mawili, akapiga ishara ya msalaba mbele ya taji, kisha akamkalisha Gil kwenye kiti na kumfunga kipimo cha presha mkononi.

"Senhor Gil, naona tunacheza."

"Furaha, binti."

"Furaha haizungushi bega." Alitazama namba, akafungua kipimo, akakifunga upya. Presha ilikuwa mia moja themanini na nne kwa mia moja na mbili. Alimwacha apumzike na kupima tena. Ilishuka kidogo, si sana. "Kichwa kinauma?"

"Hapana."

"Unaona vitu? Watu, wanyama, kivuli pembeni ya jicho?"

"Namwona muuguzi mrembo."

"Mimi nipo kweli, hiyo haihesabiki." Hakutabasamu. Alimgeukia Leonor. "Dona Leonor, kuna kitu kipya? Dawa ya mafua, dawa ya dukani, chai, vitamini? Amekula jibini? Mvinyo, pamoja na wageni wote hawa?"

"Jibini halijaingia humu tangu ulipotuletea karatasi," Leonor alisema. "Mvinyo anaonja padri peke yake."

"Chochote kingine?"

Gil alikuwa akimtazama mkewe. Hakukunja uso, hakutikisa kichwa. Alimtazama tu, na mabega yake yaliendelea na mwendo wao.

"Tunakula chakula chetu cha siku zote," Leonor alisema.

Ilikuwa kweli, na kila neno lake lingeweza kusimama mahakamani. Hélia alitoka na simu hadi kwenye ngazi za nyuma, akazungumza na daktari. Ndoo ya fava ilikuwa imewekwa kwenye ngazi hizo, karibu na miguu yake. Alipokuwa akisikiliza aliinama, akachukua ganda moja, akalipasua kwa kidole gumba, akala fava zake mbichi moja baada ya nyingine, kama anavyofanya kila mtu aliyekulia mitaa ile. Leonor alimwona. Alingoja aseme kitu. Hélia alitupa ganda kwenye nyasi na kurudi ndani.

"Daktari anataka umwone Jumatatu mapema, na atapunguza levodopa. Kesho nitakuwa kwenye maandamano, nitakuja na kipimo. Lakini kichwa kikiuma, au kifua, au macho yakifanya giza, hatungoji Jumatatu. Ni hospitali papo hapo. Tumeelewana, Senhor Gil?"

"Tumeelewana."

"Dona Leonor?"

"Ndiyo."

Asubuhi ya Jumapili Gil alioga, akanyoa ndevu mwenyewe bila kujikata, akafunga tai mwenyewe. Leonor hakupika chochote, ila kulikuwa na bakuli la jana kwenye friji, na alipolitafuta lilikuwa tupu kwenye sinki. Alimkuta mumewe ameegemea fremu ya mlango wa chumba, amefumba macho, vidole vinabonyeza kisogo.

"Inauma," Leonor alisema. Halikuwa swali.

"Inadunda kidogo. Si kuuma." Alifungua macho. Jicho moja lilikuwa jekundu. "Nenda kafungue mlango. Bendi imefika."

Maandamano yalipangika barabarani: bendera mbele, wasichana waliovaa majoho meupe, kisha Gil na taji juu ya sinia, kisha familia, kisha bendi. Polisi walikuwa wamefunga barabara yote hadi kanisani kwa vizuizi vya mbao. Urbano alitembea kushoto kwa shemeji yake, amevaa viatu vipya. Madalena alibebwa na baba yake. Leonor na Hélia walikuwa hatua chache nyuma.

Gil alitembea vizuri. Mabega yalicheza, kichwa kiliyumba, lakini mikono chini ya sinia ilishika sawa kama rafu ya ukutani. Watu kwenye vibaraza walipiga makofi. Wanawake waliomjua tangu ugonjwa ulipoanza walilia waziwazi.

"Sijawahi kuona," Hélia alisema kwa sauti ya chini. "Tangu nianze kazi hii sijamwona mgonjwa aliyefikia hapa kwa dozi ile." Alisema kama mtu anayefanya hesabu ambayo jibu lake haliingii.

Walipofika kwenye kona, mahali barabara inapoanza kupanda kuelekea kanisani, Gil alisimama. Bendi nyuma ilichelewa kugundua, tarumbeta zikasongamana. Gil alirudi nyuma nusu hatua na kuinamisha kichwa.

"Wapisheni watoto kwanza," alisema.

Urbano alitazama huku na huku. "Watoto gani, mzee? Wasichana wako mbele."

"Hawa. Waache wavuke."

Alingoja. Barabara mbele yake ilikuwa tupu. Kisha akaridhika na kuendelea kupanda.

Hélia alimshika Leonor mkono. "Ameanza lini?"

"Jumatano."

"Jumatano! Na jana nilipouliza?" Sauti yake ilikuwa ya chini na kali. "Amekula nini, Dona Leonor? Usiniambie chakula cha siku zote."

"Fava," Leonor alisema. "Kila siku, ila Jumanne. Na maganda. Na maji ya maganda anakunywa kwa sufuria. Akila anatulia, asipokula anatetemeka. Nilijaribu, ni hizo."

Hélia alipunguza mwendo. Leonor aliona uso wake ukibadilika taratibu, si kwa hasira, bali kwa kuelewa.

"Ni levodopa," Hélia alisema. "Fava zina levodopa, na nyingi zaidi iko kwenye maganda. Hilo nilisoma chuoni. Nilizishika jana kwa mkono wangu." Alikuwa tayari anatoa simu. "Na kidonge kipya hakiachi kitu kitoke. Kichwa kinauma?"

"Tangu juzi. Leo jicho ni jekundu."

Hélia aliita ambulensi huku akikimbia. Leonor alimfuata kando ya mstari, akiwapita wasichana wa majoho waliogeuka kuwatazama. Walimfikia Gil zikiwa zimebaki nyumba tatu kufika kanisani.

"Senhor Gil, simama. Nipe taji."

"Hapana, binti."

"Presha yako itakupasua. Mpe Urbano. Sasa hivi."

"Ukinigusa nitaliangusha," Gil alisema. Hakumtazama. Macho yake yalikuwa kwenye mlango wa kanisa, na jasho lilimtiririka hadi kwenye ukosi. "Leonor, mwambie."

Leonor alitazama mikono iliyoshika sinia. Alitazama umbali uliobaki. Kwa mbali, chini ya mlima, king'ora kilisikika, kikasimama kwenye vizuizi vya polisi, kikasikika tena.

"Gil, mpe," alisema. "Nimeshamwambia yote. Mpe kaka yangu."

"Umeniahidi Jumatatu."

"Nimekosea. Mpe."

Urbano alinyoosha mikono, haelewi kinachoendelea, uso umempauka. "Shemeji, nipe basi. Nitalishika tu, wewe utembee nami. Nani atajua?"

"Mimi," Gil alisema, na akaanza kupanda ngazi za kanisa.

Hakuna aliyemgusa. Hélia alipanda kando yake, mkono mmoja ukiwa nyuma ya mgongo wake bila kumfikia, na kwa simu aliyobana begani alikuwa akiwaelekeza watu wa ambulensi wapite mtaa wa nyuma. Kengele zilikuwa zikilia. Ndani, watu walisimama wote. Gil alipita katikati yao hadi altareni, akampa padri sinia kwa mikono miwili, akapiga magoti kwenye mto mwekundu. Leonor alipiga magoti nyuma yake, karibu kiasi cha kuusikia upumuaji wake, ambao ulikuwa na mkoromo mdogo usiokuwepo barabarani.

"Padri, fupisha," Hélia alisema kwa sauti iliyosikika hadi viti vya mbele.

Padri alimtazama, akamtazama Gil, akafupisha. Aliliweka taji kichwani pa Gilberto Arruda na kusema maneno yake. Kwaya iliimba ubeti mmoja. Mlango wa pembeni ulifunguliwa na watu wawili wenye machela waliingia wakikimbia.

Saa tano na dakika sita padri aliliondoa taji. Gil hakuinuka.